Milia ya Mtoto wa Sista

Punda wa Bibi Simaloi aliitwa Sista. Jina alipewa na wanawake wa bombani kwa sababu ya rangi yake ya majivu yenye msalaba mweusi mgongoni, na kwa sababu hakuwahi kuzaa. Punda wa wenzake walizaa na kuzaa tena. Yeye miaka yote alibeba maji tu, madumu mawili huku na mawili huku, akipanda ile njia ya Oldonyo Sambu ambako vumbi huingia hadi kwenye meno. Siku moja sista wa kweli, yule wa zahanati, alikutana naye mahali njia ilipokuwa nyembamba, akasikia jina analoitwa. Wanawake wakashika midomo. Sista akasogea pembeni kwenye majani, akainama kidogo mbele ya punda na kusema, "Pita, mwenzangu." Tangu siku hiyo jina likawa kama limebarikiwa.

Kwa Waarusha wa upande huu wa Mlima Meru, ng'ombe ni sifa ya mwanamume. Punda ni wa mwanamke, na hakuna anayemtungia wimbo. Simaloi hakuhitaji wimbo. Alijua tu kwamba tangu goti lake la kulia lianze kuuma, Sista alijifunza mwenyewe kusimama upande wa chini wa njia wakati wa kupakia, ili Simaloi awe upande wa juu na asinyanyue sana madumu. Hakuna aliyemfundisha. Mtu ukifanyiwa jambo kama hilo kila asubuhi, na anayekufanyia hana hata mdomo wa kukukumbusha, huwezi kulisahau.

Kiangazi cha mwaka jana kilikuwa kibaya. Majani yaliisha kuzunguka maboma, na wanawake wakafanya kama wanavyofanya siku zote mambo yakifika hapo: waliwaachia punda wateremke wenyewe kwenye mbuga ya chini, upande wa kaskazini, wakajitafutie. Punda huenda, hula, kisha mazoea huwarudisha nyumbani. Wa wenzake walirudi. Sista hakurudi. Simaloi alibeba maji kwa mgongo wake, na siku goti lilipokataa, mke wa mtoto wa jirani yake, Mzee Yiamat, alimletea dumu moja bila kuombwa na kuliacha mlangoni, akaondoka kabla ya kushukuriwa. Simaloi alishajiambia kwamba fisi wamemla punda wake. Alilia mara moja, jikoni, akausingizia moshi. Kisha mvua zikanyesha, na asubuhi moja Sista alikuwa amesimama langoni, amenenepa, jicho limetulia kama la mtu aliyetoka ugenini alikopokelewa vizuri.

"Huyo alikuwa na mchumba," alisema Mzee Yiamat.

Mzee Yiamat alikuwa jirani, tena wa rika moja na marehemu mume wa Simaloi. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kumtania, na haki hiyo aliitumia bila kupumzika.

"Mzee mzima na mvi zako, unasema maneno hayo," Simaloi alimjibu.

"Nasema ninachokiona, shemeji. Sista ameacha utawa."

Mwaka ukazunguka, na Yiamat akawa amesema kweli. Tumbo la Sista lilikua mpaka wanawake wa bombani wakaacha kucheka na kuanza kumpisha kwenye foleni.

Alizaa alfajiri ya Ijumaa, nyuma ya ghala la mahindi. Simaloi alimkuta alipotoka kukamua. Mtoto alikuwa tayari amesimama, miguu yake minne ikibishana iende wapi, na Sista alikuwa anamlamba kwa utaratibu, kama mtu anayefua nguo ya kanisani. Simaloi alipiga kigelegele kimoja. Cha pili hakukipiga, maana jua lilikuwa limechomoza na aliona miguu.

Ilikuwa na milia. Milia myeusi, safi, imezunguka kutoka kwato hadi juu ya magoti, kama soksi za mchezaji mpira. Mapajani na shingoni mistari mingine ilipita myembamba juu ya manyoya ya kahawia. Nywele za shingo zilisimama wima kama brashi. Mgongoni peke yake ndiko alikofanana na mama yake: ule msalaba mweusi ulikuwapo, umekatiza mabegani pale pale.

Simaloi aliketi juu ya ndoo aliyoigeuza. Alikumbuka mkutano wa kijiji, ambapo waliambiwa kwamba wanyamapori ni mali ya serikali, na kwamba ukikutwa unafuga hata mtoto wa swala, ni kesi. Alimkumbuka pia jamaa mmoja wa vitongoji vya chini aliyelea swala kwa maziwa ya mbuzi, akaishia kwenda na kurudi mahakamani msimu mzima, shamba lake likaota magugu. Simaloi hakuwa na ugomvi na sheria. Ila alipomtazama yule mtoto, aliona jinsi mambo yatakavyokwenda. Watamchukua. Na kwa kuwa mtoto mchanga haishi bila maziwa, watamchukua na mama yake. Halafu atabaki yeye, goti lake, na ile njia ya bombani.

Yiamat alipita kabla chai haijachemka, kama kawaida yake. Aliegemea fimbo, akatazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakuanza na utani.

"Shemeji," alisema mwishowe, sauti imeshuka, "serikali imezaa kwako."

"Ni punda."

"Punda gani amevaa suti hiyo? Mguu huo nimeuona mbugani tangu nikiwa mchunga ndama."

"Mama yake ni punda, Yiamat. Unamjua."

"Mama yake sina neno naye. Baba yake ndiye mwenye askari."

Kisha akacheka, maana hakuweza kujizuia. Simaloi hakucheka. Yiamat aliona hivyo, akakohoa, akasema hatamwambia mtu. Lakini kila mtu huko Oldonyo Sambu alijua kwamba Yiamat hutunza siri kama gunia lililotoboka linavyotunza mtama.

Kesho yake Jumamosi alikuja Jackline, mjukuu wake. Jackline alizaliwa na binti wa Simaloi aliyeolewa Machame. Alikuwa na saluni yake mjini Arusha, mitaa ya Ngarenaro, na kila alipopata nafasi alikuja kumletea bibi yake sukari na habari. Alipomwona mtoto wa Sista alipiga kelele.

"Koko!" Hivyo ndivyo alivyomwita bibi yake tangu utoto. "Mbona hujaniambia? Jamani, ni mzuri! Ngoja nimpige picha."

"Ukipiga picha hiyo nitakufa."

Jackline alikuwa tayari ameinua simu. Akaona bibi yake ameshatandaza shuka kumziba mtoto. Aliizima simu, akaitumbukiza chini kabisa kwenye mkoba, chini ya vitana na mafuta, akaja kuketi karibu naye. Hapo ndipo Simaloi alipomweleza yote: mkutano, yule jamaa wa swala, na mdomo wa Yiamat.

Jackline alifikiri, akimtazama mtoto jinsi anavyonyonya na kupepesa mkia.

"Koko, mimi mteja akija kichwa chote kimekuwa cheupe, namrudisha usichana kwa nusu saa. Miguu minne ya punda itanishinda?"

"Unasema nini wewe?"

"Nasema piko, koko. Ninayo hapa. Nilikuwa nimemchukulia mama mmoja wa Ngaramtoni."

Ukiambiwa neno kama hilo na mtu asiyekupenda, utalicheka. Lakini likisemwa na mjukuu aliyekuja na sukari, na wewe hujalala, linaonekana lina akili. Simaloi alimshika mtoto shingoni, Jackline akakoroga piko kwenye kibakuli cha plastiki. Glovu zilikuwa pea moja tu, zikachanika mapema. Walipaka miguu, walipaka mapaja, wakapaka shingo, na kwa kuwa kipande kimoja kilibaki na rangi tofauti, wakapaka na mgongo. Mtoto alistahimili kila kitu isipokuwa tumbo, maana alitekenyeka. Walicheka hadi Simaloi akasahau goti. Walipomaliza, mtoto alikuwa mweusi mtupu, kama aliyetumbukia kwenye masizi, na viganja vyao pia. Walimfungia kwenye kibanda cha ndama akauke, na Simaloi akalala usingizi wa kwanza tangu Ijumaa.

Asubuhi walimtoa ampelekee mama yake njaa yake. Mtoto alikimbia moja kwa moja kwenye kiwele. Sista aligeuza kichwa, akamnusa, akalaza masikio nyuma. Akamng'ata.

Mtoto alirudi nyuma, akajaribu upande wa pili. Safari hii alipigwa teke. Akajaribu tena, na tena, na kila mara Sista alimnusa kwanza, kama anayetaka kuwa na hakika, kisha akamfukuza. Halafu alinyanyua kichwa akaanza kulia, ule mlio mrefu wa punda unaofika hadi boma la pili, akimwita mtoto wake. Mtoto alikuwa amesimama pale pale mbele yake.

Simaloi alielewa. Piko ina harufu kali, hata mtu huinusa mtaani akajua kuna saluni. Sista alipomzaa mtoto yule, hakuwa ameshughulika na milia. Wala sasa kukosekana kwa milia hiyo hakukumsumbua. Mtoto wake alikuwa na harufu fulani, na huyu mweusi hakuwa nayo.

Walijaribu maziwa ya ng'ombe kwenye chupa ya soda. Mtoto alikohoa, maziwa yakamtokea puani. Watu wa nyumba za jirani walipita kwenda kanisani, wakasalimia kwa mbali, na Simaloi akajibu kwa mbali. Jua lilipopanda mtoto alilala chini, shingo ameinyoosha juu ya vumbi, na nzi wakaanza kumkalia machoni. Jackline alikuwa analia bila kujificha.

"Ni mimi, koko. Ni mimi nimemuua."

"Ni sisi, na bado hajafa." Simaloi alifuta nzi kwa ncha ya shuka yake. "Mpigie Paskalina."

Paskalina alikuwa afisa mifugo wa kata, mwanamke wa Kilimanjaro aliyekuwa na sifa ya kuja anapoitwa.

"Koko, atamwona alivyo."

"Na amwone. Akifa hatakuwa wa serikali wala wangu. Piga simu."

Paskalina alikuja kwa pikipiki akiwa bado na gauni lake la misa, begi la dawa limening'inia kifuani. Alisema shikamoo huku ameshapiga magoti kwenye vumbi. Alisikiliza moyo wa mtoto, akavuta ufizi wake, kisha akavinusa vidole vyake.

"Mmempaka nini?"

"Piko," alisema Jackline.

"Piko ya nywele?"

"Ya nywele."

Paskalina alivinusa vidole vyake tena. Akageuza sikio la mtoto. Nyuma ya sikio rangi haikufika, na hapo palikuwa na mstari mmoja mweusi, safi, karibu na mwingine.

"Bibi," alisema kwa upole, "huyu nusu ni wangu. Nusu nyingine ni ya Romanus."

"Romanus ndiye nani?"

"Afisa wanyamapori. Sikiliza, bibi yangu. Nikimtibu nikanyamaza, na habari ikafika kwake kwa njia nyingine, itakuwa mbaya kwako kuliko leo. Lazima nimwambie." Alimwekea Simaloi mkono begani kabla ya kutoa simu. "Lakini siondoki hapa mpaka haya yaishe. Nimekuahidi."

Simaloi aliitikia kwa kichwa. Kilichomshangaza ni kwamba woga ule wa siku mbili ulikuwa umesogea pembeni kidogo, kwa sababu shingo ya mtoto kwenye vumbi ilikuwa imechukua nafasi yote.

Walichemsha maji. Paskalina alikataa sabuni ya Jackline yenye manukato, akataka ya mche, na wote watatu wakamwosha mtoto, wakamsuuza, wakamwosha tena. Rangi haikutoka sana. Ila harufu ilipungua. Walikuwa wanamkausha kwa magunia pale pikipiki ya pili ilipoingia langoni, na nyuma yake, kwa miguu, akihema, Mzee Yiamat, ambaye hakutaka kuhadithiwa.

Romanus alikuwa kijana mrefu mwenye sare ya kijani. Alisalimia, akachuchumaa, akamtazama mtoto, akamtazama Sista anayelia na kupiga teke nguzo ya ua. Simaloi alisubiri sauti ya sheria. Alikuwa ameshaandaa la kusema, lakini lilikuwa fupi sana, na alijua halitatosha.

"Amenyonya lini mara ya mwisho?" Romanus aliuliza.

"Jana jioni," alisema Paskalina.

"Basi ya sheria baadaye. Maziwa kwanza." Akavua shati lake la sare, akalitundika kwenye miiba ya ua, akaingia zizini na fulana. "Nani ananishikia kamba?"

Yiamat ndiye aliyeishika.

Simaloi aliingia nao. Alikuwa amewahi kukubalisha ng'ombe ndama aliyemkataa, na Paskalina alilijua jambo hilo kwa njia yake ya chuoni, na njia mbili zilikuwa moja. Simaloi alimkamua Sista kiganjani, maziwa kidogo kidogo, akayapaka juu ya mgongo wa mtoto, kichwani, chini ya mkia. Paskalina akanyunyiza chumvi juu yake. Romanus alikikumbatia kichwa cha Sista kwenye kifua chake, akapigwa teke la paja lililomfanya ataje jina la mama yake, lakini hakuachia. Jackline alimbeba mtoto mikononi kama tita la kuni, akamsogeza.

"Mama," Simaloi alimwambia punda wake, mdomo karibu na sikio, "ni wako. Tulikosea sisi."

Sista alinusa. Masikio yakalala nyuma. Akanusa tena, chini zaidi, kwenye mkia, pale ambapo mama hunusa kwanza, na pale ambapo Jackline hakuwa amepaka sana. Ulimi ukatoka, ukagusa chumvi. Ukagusa tena. Masikio yakainuka, moja kwanza, kisha la pili. Halafu akaanza kumlamba kwa nguvu, mgongo wote, kama mtu aliyerudi safari akakuta nyumba haijafagiliwa siku nyingi.

"Mwachie," alinong'ona Paskalina. "Mwachie polepole."

Romanus aliachia. Jackline alimshikilia mtoto kiunoni, Simaloi akampa chuchu mdomoni. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha ikasikika ile sauti, chwa, chwa, chwa, na Yiamat akalegeza kamba.

Chai ililetwa. Romanus aliketi juu ya ndoo ile ile, paja limeanza kuvimba, na Simaloi akampa kikombe chenye kishikio kizima. Sasa woga wake ulikuwa umerudi mahali pake. Mtoto alikuwa hai, na kitu kilicho hai kinaweza kuchukuliwa.

"Kwani ni mnyama gani?" aliuliza Jackline, labda ili mtu aseme kitu.

Romanus alipuliza chai. "Chuoni tulifundishwa hivi, dada: wanyama wakizaa pamoja, na watoto wao nao wakazaa, hao ni aina moja. Ikishindikana, ni aina mbili. Tukaona rahisi. Mwalimu akasubiri tuandike wote, halafu akatupeleka nje kuangalia nyani."

"Nyani wana nini?"

"Hawa wetu wa Meru manyoya yao yana ukijani kidogo. Kuna wengine wa nyanda za chini, wa manjano, miguu mirefu. Vitabu vingi vinasema ni aina mbili. Lakini wanakokutana, kama kule Amboseli ng'ambo ya mpaka, wanazaa, watoto wanazaa, na wajukuu wanazaa. Unamwangalia mmoja huwezi kusema ni wa wapi. Wataalamu wanabishana mpaka leo."

"Kama wewe," Yiamat alimwambia Jackline. "Mwarusha au Mchagga?"

"Mimi ni wa Ngarenaro, babu. Na watu ni aina moja, usianze."

"Na huyu?" Simaloi aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waketi.

"Huyu ni jambo jingine, bibi. Punda na pundamilia ni ndugu wa mbali. Wanaweza kupata mtoto, na mtoto akakua vizuri, akabeba mizigo. Ila yeye mwenyewe kwa kawaida hazai. Ni chotara wa kuishia hapo."

"Hata mama yake tulisema hazai."

Romanus akacheka. "Kweli. Sitabishana na Sista. Lakini ukiniuliza ni aina gani, nitakwambia hana. Hayo majina ya aina tumeweka sisi ili tuelewane tukizungumza. Sasa shida yangu ni kwamba kazi yangu imeandikwa kwa majina hayo hayo."

Hapo Yiamat aliweka kikombe chini.

"Kijana, wewe ni mtu wa wapi?"

"Rombo, mzee."

"Rombo mnafuga ndani. Mnamkatia ng'ombe majani, mnamletea."

"Ndiyo, mzee."

"Basi sikulaumu. Hapa kwetu dume hutembea. Mimi nilikuwa na dume jekundu. Likaruka ua likampanda ng'ombe wa mume wa huyu mama, Mungu amrehemu. Akazaliwa ndama ambaye watu walikuwa wanasimama njiani kumtazama. Ndama wangu kwa sura! Pembe zangu, rangi yangu. Nilikwenda kumdai?"

"Sijui, mzee."

"Sikwenda! Niliumia roho, hata chakula sikula vizuri, lakini sikwenda. Kwa sababu mtoto ni wa mwenye mama. Dume likiruka ua ni shauri la mwenye dume. Hiyo kwetu haina mjadala. Sasa dume la serikali limefanya yake, serikali inataka kudai ndama? Hata mimi sikudai!"

"Na hapakuwa na ua wa kuruka, mzee," alisema Paskalina. "Sista ndiye alimfuata."

"Kama alimfuata mwenyewe, basi ndiyo kabisa!"

Wote walicheka, hata Romanus. Simaloi alimtazama Yiamat. Miaka yote hiyo mzee huyu alikuwa akimtania juu ya ndama yule, na hakuwahi kumwambia kwamba aliumia.

Romanus aliinuka akichechemea, akaenda langoni kupiga simu kwa mkubwa wake. Walimwona mgongo tu. Alisema, akasikiliza, akasema tena, akakuna kichwa. Jackline alimshika bibi yake mkono, kiganja cheusi ndani ya kiganja cheusi. Zizini Sista alikuwa amehamia kulamba masikio.

Romanus alirudi.

"Mkubwa wangu amecheka kwanza. Nikamwacha acheke. Akaniuliza, kazaliwa wapi? Nikamwambia bomani. Mama ni nani? Punda wa maji. Kuna mtu aliyekwenda mbugani kukamata? Hakuna. Akaniuliza ninaonaje. Nikampa ile kesi ya dume jekundu."

"Ukamtaja jina langu?" Yiamat aliuliza.

"Nimesema mzee mmoja mwenye busara na hasira. Mkubwa akasema, aliyezaliwa na punda wa bibi ni punda wa bibi. Abaki na mama yake. Ila..."

"Ila?" Simaloi alishika goti.

"Ila msimpake tena kitu."

Simaloi alitaka kusema asante, akaona haitoshi. Badala yake aliinuka, akaenda kwenye ua, akalitoa shati la sare kwenye miiba, pole pole, mwiba mmoja mmoja ili lisichanike. Akalikung'uta vumbi, akamletea. Alipolipokea, Romanus aliona alama ya vidole vyeusi kwenye kola.

"Aa, koko, hii haitoki," alisema Jackline kwa aibu. "Nitakununulia jingine, kaka."

"Acha," alisema Romanus, akilivaa. "Wakiniuliza kazini nitawaambia nimewekewa alama ya mifugo."

Aliahidi kupita mara kwa mara kuona mtoto anavyokua, na alipita. Paskalina naye alipita, na siku moja alimletea Simaloi dawa ya kuchua goti ambayo haikuwa ya mifugo, akaapa hivyo mara mbili. Habari zilienea, kwa hisani ya Yiamat, na watu wakaja kutazama. Jackline aliruhusiwa picha moja.

Nywele za utoto zilipoanza kupukutika, piko iliondoka nazo vipande vipande, na milia ikarudi: kwanza kwenye mapaja, kisha miguuni, soksi zile zile. Msalaba wa mgongoni ulikuwa wa mwisho kuonekana. Mtoto alianza kumfuata mama yake bombani, akikimbia mbele, akisimama, akirudi kuhakikisha. Wanawake kwenye foleni walibishana kama ni punda au pundamilia, kisha wakachoka, wakasogeza ndoo zao apite.

Asubuhi moja, pale njia inapokuwa nyembamba, walikutana na sista wa zahanati. Alisogea pembeni kwenye majani kama zamani.

"Pita, mwenzangu," alimwambia Sista. Halafu akaona kilichokuwa nyuma yake, kwanza masikio, kisha soksi. "Na huyu, bibi?"

Simaloi alitaka kutafuta maneno ya heshima, akayakosa.

"Ni mtoto wake, sista."

Sista wa zahanati alicheka mpaka akalazimika kushika kitambaa chake kichwani kisidondoke. Simaloi naye akacheka, akiwa ameegemea shingo ya punda wake. Sista alikuwa amesimama upande wa chini wa njia, akiwasubiri wamalize.